Usalama Mjengoni: Kifo Kisichoripotiwa Huzaa Kingine

*Somo kwa wakaazi wa Kaunti ya Mombasa: mafundi, vibarua, wanakandarasi, wenye ploti na majirani wa mijengo*

Katika somo hili msomaji atafahamu:

- sababu kuu zinazowaua wafanyakazi wa ujenzi;
- wajibu wa mwajiri na haki za mfanyakazi chini ya sheria za Kenya;
- hatua za kuchukua ndani ya saa 24 baada ya kifo au ajali mbaya;
- jinsi fidia inavyohesabiwa;
- mahali utekelezaji wa sheria unapolegea, na jinsi unavyoweza kukazwa.

1. Vifo ambavyo havifiki kwenye habari

Jengo zima linapoporomoka, nchi nzima husikia. Mnamo Januari 2006, jengo la Sunbeam lililokuwa bado linajengwa katikati ya jiji la Nairobi lilianguka wafanyakazi wakiwa kazini. Zaidi ya watu kumi walifariki na wengine wengi wakajeruhiwa. Mnamo Aprili 2016, jengo la makaazi lililokuwa kando ya mto mtaani Huruma, Nairobi, lilianguka usiku wa mvua kubwa na kuua takriban watu 50. Baada ya mikasa kama hiyo viongozi hufika, vikosi vya uokoaji huitwa na uchunguzi huanzishwa.

Lakini wafanyakazi wengi wa ujenzi wanaopoteza maisha hufa mmoja mmoja. Fundi huteleza kwenye jukwaa la ghorofa ya tatu. Mtu wa mkono hufukiwa ndani ya mtaro wa msingi. Kijana aliyebeba nondo hugusa waya wa stima. Hakuna kamera inayofika. Wenzake huchanga, mwanakandarasi hutoa pesa kidogo za pole, mwili hupelekwa nyumbani, na baada ya siku mbili kazi huendelea kwenye jukwaa lile lile.

Kifo cha namna hiyo kisipofika kwa afisa wa usalama kazini, mambo matatu hayafanyiki. Chanzo hakichunguzwi, kwa hiyo hatari hubaki palepale. Mwenye makosa hachukuliwi hatua. Na familia ya marehemu hukosa fidia ambayo sheria imeiwekea.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufariki kila mwaka duniani kutokana na ajali na magonjwa yanayohusiana na kazi. Kati yao, takriban 330,000 huuawa na ajali za kazini. Ujenzi ni miongoni mwa sekta zenye hatari kubwa zaidi. Hata hivyo vifo hivi si majaliwa yasiyoepukika. Uwanja mkuu wa Michezo ya Olimpiki ya London ya 2012, pamoja na majengo yaliyouzunguka, ulijengwa na maelfu ya wafanyakazi bila hata mmoja kufa katika ajali ya ujenzi. Tofauti ilitokana na mipango, usimamizi na ukaguzi uliofanywa tangu siku ya kwanza.

2. Sababu nne zinazojirudia

Ajali nyingi zinazoua mjengoni huingia katika mafungu manne. Anayeyajua anaweza kupita kando ya mjengo wowote na kuona hatari kabla haijaua.

*Kuanguka kutoka juu.* Hiki ndicho chanzo kikubwa zaidi. Kwenye mijengo mingi midogo ya Pwani, jukwaa hutengenezwa kwa boriti na mbao zilizopigiliwa misumari au kufungwa kwa kamba. Boriti si kosa kwa zenyewe. Kosa ni boriti iliyooza, ubao mmoja mwembamba wa kukanyaga, jukwaa lisilofungwa kwenye ukuta, na kukosekana kwa kizuizi cha kumzuia mtu asidondoke. Hatari nyingine ni matundu ya ngazi na lifti yaliyoachwa wazi sakafuni, na kingo za slabu zisizo na uzio. Wakati wa mvua za masika mbao huteleza, na karai la zege kichwani humfanya mfanyakazi asione anapokanyaga. Hakuna haja ya ghorofa kumi ili mtu afe: kuanguka mita mbili na kutua kwa kichwa kunatosha.

*Kufukiwa na kuangukiwa.* Udongo ni mzito kuliko wengi wanavyodhani. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa zaidi ya tani moja. Ukuta wa mtaro ukiporomoka na kumfikia mtu kifuani, hawezi kupumua hata kama kichwa kiko nje. Katika maeneo yenye udongo wa kichanga, kuta za shimo hazijishikilii zenyewe. Zinahitaji kuegemezwa kwa mbao, au kuchimbwa kwa mteremko, na udongo uliotolewa kuwekwa mbali na ukingo.

Slabu nayo huua inapoondolewa miti ya kuegemeza mapema mno. Wahandisi hupima nguvu kamili ya zege siku 28 baada ya kumwagwa. Likiwa na siku chache huwa bado halijakomaa. Mwenye ploti anayeharakisha ili apandishe ghorofa nyingine kabla mhandisi hajaidhinisha miti iondolewe anawaweka hatarini walio juu na walio chini ya slabu hiyo.

Kuna pia mashimo ya maji taka na visima. Hewa ndani ya shimo refu inaweza kukosa oksijeni au kuwa na gesi ya sumu isiyoonekana. Mfanyakazi wa kwanza huzimia. Wa pili hushuka kumwokoa, naye huzimia. Kisha wa tatu. Kanuni ni moja: asishuke mtu kabla hewa haijapimwa na kupitishwa. Na anayeshuka avae mkanda uliofungwa kamba, mwenzake akiwa juu ameishikilia.

*Kugongwa.* Tofali linalodondoka, ndoo inayokatika kwenye winchi, lori linalorudi nyuma bila mtu wa kuliongoza. Kofia ngumu husaidia kwa kitu kidogo, lakini haimwokoi mtu aliyesimama chini ya mzigo unaoning'inia. Kinga ya kweli ni kuzuia watu wasipite hapo kabisa.

*Umeme.* Nyaya za barabarani zinazopita karibu na ghorofa zinazopanda juu ni hatari kubwa katika mitaa iliyosongamana. Nondo ndefu, bomba la chuma au ngazi ya chuma hupitisha umeme mara moja, na kwa nyaya zenye nguvu kubwa umeme unaweza kuruka hata kabla chuma hakijagusa. Mjengo ulio karibu na nyaya haufai kuanza kabla ya kampuni ya umeme kushauriwa. Ndani ya mjengo, waya zilizochubuka na kulala kwenye maji karibu na mashine ya kuchanganya zege zimewaua wengi.

3. Sheria inasema nini

Kenya haina upungufu wa sheria katika jambo hili. Zilizo muhimu kwa mkaazi ni hizi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Sheria hii inasimamiwa na Idara ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS, iliyo chini ya wizara ya leba. Inamtaka mwajiri kuhakikisha mahali pa kazi ni salama, kutoa mafunzo na maelekezo, na kuwapa wafanyakazi vifaa vinavyofaa vya kujikinga. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya. Ukaguzi wa usalama unatakiwa kufanywa na mtaalamu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 12.

Afisa wa DOSHS ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kukagua. Anaweza kutoa ilani ya kumtaka mwajiri arekebishe kasoro, na penye hatari kubwa anaweza kutoa ilani ya kusimamisha kazi hadi hatari iondolewe.

Mfanyakazi naye ana haki ambayo wengi hawaijui. Akiona hatari kubwa inayokaribia, anatakiwa kumwarifu msimamizi wake. Hadi hatari hiyo irekebishwe, mwajiri hana ruhusa ya kumlazimisha arudi mahali hapo. Sheria pia inakataza kumfuta au kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu tu amelalamikia usalama. Kwa upande wake, mfanyakazi ana wajibu wa kuvaa vifaa alivyopewa na kutohatarisha wenzake.

Kanuni za ujenzi za 1984. Hizi ni kanuni mahususi kwa majengo na kazi za uhandisi. Zinaeleza mambo ya majukwaa, uchimbaji, ubomoaji na mashine za kunyanyulia, na zinamtaka mwanakandarasi kuijulisha idara kwamba kazi inaanza.

Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2011. Mamlaka hii, NCA, husajili wanakandarasi na miradi, na hutoa vibali kwa mafundi na wasimamizi wa mijengo. Mjengo halali huweka ubao unaoonyesha mradi, mwanakandarasi na wataalamu wanaousimamia.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Hapa ndipo serikali ya kaunti inapoingia. Hakuna anayeruhusiwa kuanza kujenga bila idhini ya kaunti, na kaunti inaweza kutoa ilani dhidi ya anayejenga bila idhini au kinyume na ramani iliyoidhinishwa.

Kanuni mpya za Majengo. Kanuni za Kitaifa za Majengo za 2024 zilichukua nafasi ya zile za mwaka 1968, zilizokuwa zimetumika kwa zaidi ya nusu karne.

4. Saa 24 za kwanza

Mfanyakazi akifa kazini, mwajiri anatakiwa kumjulisha afisa wa DOSHS wa eneo hilo ndani ya saa 24, na kupeleka taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Kwa ajali isiyo ya kifo, taarifa ya maandishi pia hupelekwa ndani ya siku 7. Hiki ndicho kifungu ambacho hatima ya yote mengine huitegemea, na ndicho kinachovunjwa kimyakimya.

Familia na wafanyakazi wenza wafanye haya:

1. Kuokoa kwanza. Aliyeumia apelekwe hospitali mara moja. Usafiri na matibabu ni gharama ya mwajiri. Nambari za dharura nchini ni 999 na 112. Aliyenaswa na umeme asiguswe kabla umeme haujakatwa.

2. Kusimamisha kazi na kuacha eneo lilivyo. Jukwaa lililovunjika lisiondolewe, mtaro usifukiwe. Anayefika na simu apige picha za eneo, pamoja na ubao wa mradi.

3. Kuandikisha kwa polisi. Kifo kiandikishwe kituoni na nambari ya kitabu cha matukio ichukuliwe.

4. Kupata ripoti ya daktari kabla ya mazishi. Familia nyingi za Mombasa, hasa za Kiislamu, huzika siku hiyo hiyo. Desturi hiyo haimzuii mtu kutafuta haki. Kinachohitajika ni familia kumteua mtu mmoja mapema afuatilie polisi na hospitali, wakati wengine wakishughulikia maziko. Bila ripoti ya daktari ni vigumu baadaye kuthibitisha kilichosababisha kifo.

5. Kwenda DOSHS bila kumngoja mwajiri. Familia isitosheke na kauli ya "nimeshapiga ripoti". Ifike yenyewe katika ofisi ya DOSHS, iulize kama taarifa imepokelewa na kama fomu ya DOSH/WIBA 1 imejazwa. Fomu hiyo ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari.

6. Kuhifadhi ushahidi wa ajira. Kibarua asiye na barua ya kazi bado ni mfanyakazi, kwani mkataba wa mdomo unatambuliwa. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo, daftari la foromani, picha za kazini na majina ya wenzake vinaweza kuthibitisha alikuwa akifanya kazi wapi na kwa nani.

5. Fidia: si zawadi, si pole

Sheria ya Fidia kwa Wanaoumia Kazini ya 2007, inayojulikana zaidi kama WIBA, inamtaka kila mwajiri kuwa na bima ya wafanyakazi wake. Mfanyakazi aliyeumia, au familia ya aliyefariki, haihitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Inatosha kuonyesha kwamba ajali ilitokea kazini na kwa sababu ya kazi. Hata pale mwajiri anapodai kuwa marehemu alifanya makosa ya makusudi, dai hilo halifungi mlango wa fidia iwapo ajali imesababisha kifo au ulemavu mkubwa.

Kwa kifo, fidia huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Hesabu iko hivi, kwa mfano wa fundi aliyekuwa akipata Sh20,000 kwa mwezi:

> Sh20,000 × 96 = Sh1,920,000

Kiasi hicho huwaendea waliokuwa wakimtegemea, kama vile mjane na watoto. Gharama za mazishi pia hulipwa hadi kiwango kilichowekwa.

Kwa ulemavu wa kudumu, hesabu huanzia kwenye miezi ile ile 96, kisha huchukuliwa asilimia ya ulemavu aliyoithibitisha daktari. Fundi yule yule akipata ulemavu wa asilimia 40:

> Sh1,920,000 × 40 ÷ 100 = Sh768,000

Msomaji aweke takwimu hizi kando ya bahasha ya Sh50,000 inayoletwa matangani pamoja na karatasi ya kutia sahihi. Mjane aliyefiwa jana, ambaye hajui kodi ya mwezi ujao itatoka wapi, anaweza kuipokea kama msaada mkubwa. Kuipokea pole si kosa. Ila pole haimwondolei mwajiri wajibu wa kuripoti, na familia isitie sahihi karatasi yoyote inayosema haitadai tena kabla ya kupata ushauri wa DOSHS, wa wakili au wa chama cha wafanyakazi.

Muda nao una mipaka:

- Dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali au kifo.
- Mwajiri au kampuni ya bima hutakiwa kulipa ndani ya siku 90 baada ya dai kuwasilishwa kwake.
- Asiyeridhika na uamuzi wa mkurugenzi wa DOSHS anaweza kuupinga ndani ya siku 60. Akijibiwa na bado hajaridhika, anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya siku 30.

Mnamo Desemba 2019, Mahakama ya Juu iliamua kwamba WIBA haipingani na Katiba. Maana yake kwa mwananchi ni kwamba madai ya ajali za kazini huanzia kwa mkurugenzi wa DOSHS, wala si mahakamani.

6. Mbona vifo vinaendelea?

Ikiwa sheria zipo, tatizo liko wapi? Jibu liko katika nafasi zilizo kati ya ofisi moja na nyingine, na kati ya ofisi na mjengo.

*Kwanza, mamlaka yamegawanyika.* Viwango vya kazi ni jukumu la serikali ya kitaifa, na idhini ya kujenga ni jukumu la kaunti. Afisa wa kaunti anaweza kufika mjengoni, akaona ramani ni halali, akaondoka, wakati juu yake watu wamesimama kwenye ubao uliopasuka. Afisa wa DOSHS mwenye uwezo wa kusimamisha kazi hiyo hajui hata kama mjengo upo, kwa sababu mwanakandarasi hakuijulisha idara.

*Pili, mijengo midogo haionekani.* Mwenye ploti humchukua fundi anayemjua, fundi huwachukua vibarua wake, na hakuna mwanakandarasi aliyesajiliwa. Ajali ikitokea kila mmoja humtazama mwenzake: mwenye ploti husema fundi ndiye aliyeajiri, naye fundi husema yeye pia ni kibarua tu. Hakuna bima, na hakuna aliyejiona kuwa mwajiri hadi siku ya msiba.

*Tatu, woga wa kukosa kazi.* Kijana anayengoja kuchaguliwa langoni kila asubuhi anajua kwamba akiuliza kuhusu mkanda wa usalama, kesho atachaguliwa mwingine. Haki ya kukataa kazi ya hatari ipo kwenye karatasi, lakini yule anayelipwa kwa siku hawezi kuitumia peke yake. Huweza kuitumia pamoja na wenzake, kupitia kamati ya usalama au chama, au kupitia taarifa ya jirani asiyetegemea mshahara wa mjengo huo.

*Nne, amri zisizofuatiliwa.* Alama ya X hupakwa ukutani, kazi husimama wiki moja, kisha huendelea usiku au mwishoni mwa wiki. Ilani ambayo hakuna anayerudi kuikagua humfundisha mwanakandarasi kwamba kuipuuza hakuna gharama.

*Tano, kimya baada ya kifo.* Hili ndilo linaloyafunga mengine yote. Pasipo taarifa hakuna uchunguzi, na pasipo uchunguzi hakuna somo. Kifo kisichoandikwa popote hakihesabiwi katika takwimu zinazotumika kuomba maafisa zaidi na bajeti zaidi. Kwa njia hiyo uhaba wa wakaguzi huzaa vifo visivyoripotiwa, navyo vifo hivyo huufanya uhaba uonekane si tatizo.

7. Kukaza utekelezaji: kila mtu na sehemu yake

Serikali ya kaunti haina uwezo wa kuchukua kazi ya DOSHS, lakini ndiyo inayojua mapema kuliko ofisi nyingine kwamba jengo linakusudiwa kujengwa. Orodha ya idhini za ujenzi ikifikishwa kwa DOSHS na NCA mara kwa mara, maafisa wa ofisi hizo watajua pa kwenda. Ukaguzi wa kaunti kwenye hatua za msingi na slabu unaweza kuambatana na maswali machache ya usalama: jukwaa likoje, kuna bima ya WIBA, nani msimamizi? Na pale ambapo kaunti yenyewe ndiyo mwenye mradi, kama soko, zahanati au barabara, vifaa vya usalama vinaweza kuwekwa kama kipengele chenye bei yake ndani ya zabuni, ili mwanakandarasi asishinde kwa kupunguza bei kwa gharama ya maisha ya watu.

Mwenye ploti ana nguvu kuliko anavyodhani, kwa kuwa pesa ni zake. Kabla ya kulipa chochote adai usajili wa NCA, nakala ya bima ya WIBA na jina la msimamizi wa usalama. Asimshinikize mtu yeyote kuondoa miti ya slabu kabla ya idhini ya mhandisi.

Mwanakandarasi na foromani waanze kila siku kwa dakika kumi za kukagua jukwaa, mitaro na nyaya, na kuwaeleza wafanyakazi hatari za siku hiyo. Kibarua mpya hatakiwi kupanda juu siku ya kwanza bila maelekezo.

Mfanyakazi avae alichopewa, aripoti anachokiona, na awaachie jamaa zake jina la mjengo na la anayemlipa. Wake na mama wengi hujua tu kwamba "yuko mjengo Bamburi", na siku ya ajali hawajui pa kuanzia.

Jirani anaona yale ambayo afisa haoni: kazi inayofanyika usiku, watoto wanaocheza chini ya winchi, jengo lililoidhinishwa ghorofa tatu likipanda ya sita. Taarifa yake inaweza kupelekwa kwa ofisi ya kaunti ndogo, kwa NCA au kwa DOSHS. Jengo lililojengwa vibaya huanza kwa kumhatarisha fundi, kisha humrithisha mpangaji hatari hiyo, kama walivyogundua wakaazi wa Huruma.

Wakaazi wote wana nafasi katika vikao vya ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti na mipango ya kaunti. Katika vikao hivyo huombwa barabara, maji na zahanati. Idadi ya wakaguzi wa majengo, magari yao na vifaa vya kikosi cha uokoaji pia ni mambo yanayoweza kuulizwa na kuandikwa kwenye kumbukumbu.

8. Maswali ya marudio

*1. Kibarua ameanguka Ijumaa jioni na kufariki usiku. Mwanakandarasi anasema ataripoti Jumatano ofisi zikipungua watu. Je, ni sawa?*
La. DOSHS inatakiwa kujulishwa ndani ya saa 24. Taarifa ya maandishi ndiyo hupewa hadi siku 7.

*2. Familia imepokea Sh50,000 za pole. Je, imepoteza haki ya fidia?*
Kupokea pole hakumwondolei mwajiri wajibu wa kuripoti wala wajibu wake chini ya WIBA. Familia iende DOSHS kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote, na iwasilishe dai kabla ya miezi 12 kuisha.

*3. Fundi aliyekuwa akipata Sh25,000 kwa mwezi amefariki kazini. Fidia ni kiasi gani?*
Sh25,000 × 96 = Sh2,400,000.

*4. Mfanyakazi ameona ukuta wa mtaro umepasuka. Foromani anamwamuru ashuke. Afanye nini?*
Amwarifu msimamizi kuhusu hatari hiyo, mbele ya wenzake ikiwezekana, na asishuke hadi ukuta uegemezwe. Sheria haimruhusu mwajiri kumrudisha hapo kabla ya marekebisho.

*5. Mtu amezimia ndani ya shimo la maji taka. Mwenzake afanye nini kwanza?*
Aite msaada. Asishuke bila mkanda, kamba na uhakika wa hewa, la sivyo atakuwa maiti wa pili.

Swali la kujadili katika kikundi, baraza au kikao cha mtaa: Katika mtaa huu, ni mjengo gani unaendelea sasa, ni nani anajua jina la mwanakandarasi wake, na iwapo mtu angeanguka leo mchana, ni nani angekuwa wa kwanza kufika ofisi ya DOSHS?